Mdogo Wangu, Usicheke

(Mazungumzo haya yalifanyika na wanafunzi wa sekondari wa Makambako, kisha wa Njombe mjini. Tumeyaandika ili na wewe ambaye hukuwepo uyapate.)

Sogeeni mbele jamani. Baridi ya Njombe mnaijua wenyewe, tukikaa karibu karibu tutapata joto.

Leo sianzi na sheria. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa kidato cha pili, asubuhi moja tulikuta jina la msichana wa darasa letu limeandikwa ubaoni. Chini yake maneno machafu, na mchoro. Kosa lake nini? Alimkataa kaka mmoja wa kidato cha nne. Basi darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka. Si kwamba nilimchukia, hapana! Nilicheka ili kesho lisije likaandikwa jina langu. Baada ya hapo likaandikwa chooni, likaandikwa kwenye madaftari. Likizo ilipokwisha, yule msichana hakurudi shule. Mpaka leo sijui aliishia wapi.

Sasa nikupe habari za dada mwingine, ambaye wengi walilisikia jina lake akiwa ameshafariki. Aliitwa Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakati ule pale chuoni kulikuwa na kikundi cha siri cha wanafunzi kilichobandika karatasi ukutani kwa jina la Mzee Punch. Karatasi hizo zilimchora mtu na kumtukana mbele ya chuo kizima, na wasichana ndio walioumizwa sana. Levina aliandamwa na wanafunzi wenzake wa kiume, huku kitisho cha Mzee Punch kikiwa juu yake. Februari 1990 alijiua.

Hebu tulia kidogo ujiulize. Waliokuwa wanaandika zile karatasi walikuwa wangapi? Wachache tu. Na waliokuwa wanasimama pale ukutani kusoma, kisha wakaondoka wanacheka? Umati! Mwandishi bila msomaji ataandika ya nini?

Lakini wapo waliokataa kunyamaza. Miaka mitatu kabla, yaani 1987, waandishi wa habari wanawake walikuwa wameunda chama chao, TAMWA. Kati ya waanzilishi walikuwemo Fatma Alloo, Leila Sheikh, na Edda Sanga, ambaye sauti yake wazee wetu waliizoea Radio Tanzania. Walikuwa na jarida lao, Sauti ya Siti, lililopewa jina la mwimbaji Siti binti Saad. Baada ya kifo cha Levina walipaza sauti. Wakaanzisha kituo cha kuwasikiliza wanawake na watoto waliofanyiwa ukatili na kuwapa ushauri, ule wa kisheria pia.

Walikuwa na mbinu moja nzuri sana. Habari moja ya ukatili ilipelekwa kwenye magazeti na redio nyingi kwa wakati mmoja. Ukifungua gazeti hili unaikuta, ukiwasha redio unaisikia. Kiongozi gani hapo atasema hakupata habari?

Wao na wanaharakati wengine hawakuchoka. Mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo wengi tunaijua kwa jina la SOSPA. Sheria ile iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka kumi. Unyanyasaji wa kijinsia nao ukawa kosa la jinai. Kumbe kile tulichokiita utani pale ubaoni kinaweza kumfikisha mtu mahakamani!

Sasa tuje hapa hapa kwetu. Makambako ni njia panda. Malori ya Zambia yanalala hapo, treni ya TAZARA inapita, mabasi ya Songea yanakata kona kuja Njombe. Wewe unayetembea mbali kwenda shule unaambiwa, "Panda, nikupe lifti." Wewe uliyepanga geto kwa sababu nyumbani ni mbali, usiku mtu anagonga mlango. Na binti aliyemaliza shule anafuatwa na mama asiyemfahamu, anaahidiwa kazi ya ndani Dar es Salaam na mshahara mnono. Yakimpata makubwa, sisi tunasemaje? "Alijitakia." "Mbona alipanda?" Tunacheka. Ni ule ule ukuta wa Mzee Punch, ila karatasi zimebadilika. Siku hizi ziko kwenye simu: picha ya mwenzako inakujia, nawe unawatumia wengine kumi.

Kijana mmoja wa Makambako aliniuliza, "Dada, kwani sisi wavulana wote ni wabaya?" Hapana, mdogo wangu. Ila wewe una nguvu ambayo mimi sina. Mvulana akimwambia rafiki yake, "Acha bwana, hiyo siyo," anasikilizwa haraka kuliko msichana anayelia. Na nyinyi pia mnafanyiwa ukatili. Ukifanyiwa, sema. Kusema hakupunguzi uanaume wako.

Je, mwenzako akibakwa, ufanye nini? Kwanza mwamini. Usimuulize alivaa nini. Usimwache peke yake. Asioge, na nguo zile asizifue, maana ni ushahidi. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, lakini lazima aanze kabla ya saa 72 kupita, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Ipo pia dawa ya kuzuia mimba. Polisi ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto, watawapa fomu ya PF3, nayo ni ya bure. Kama mnaogopa kwenda, pigeni 116, simu ya kumsaidia mtoto. Haina malipo.

Na kama ni wewe uliyefikia hatua ya kuwaza kujidhuru, nakuomba usibaki peke yako na wazo hilo. Mtafute leo mtu mzima unayemwamini, awe mwalimu, shangazi au muuguzi. Akikupuuza, nenda kwa mwingine. Kosa si lako, na aibu si yako.

Mimi siwezi kuirudisha ile asubuhi ya kidato cha pili. Wewe bado unayo yako. Siku ukikuta jina la mwenzako ubaoni, darasa zima linacheka, inuka. Chukua dasta, futa. Kisha nenda ukakae naye dawati moja.