MANENO YA KATIBU KWENYE MKUTANO WA USHIRIKA: TAIRI LINALOPUNGUA UPEPO POLEPOLE



Nina jambo moja tu, nalo ni lori letu. Tairi la nyuma kushoto, lile la upande wa ndani, linajazwa upepo kila asubuhi na jioni limelegea. Msimu wa pamba ndio huu. Kujaza kila siku siyo kutengeneza, ni kuficha ugonjwa.

Pancha ya ghafla hujitangaza yenyewe. Hii ya polepole ndiyo kikulacho ki nguoni mwako. Matairi ya nyuma yako mawili mawili. Moja likilegea, mwenzake hubeba mzigo wote. Lililolegea nalo hujikunja, hupata moto, na nyuzi zake hukatika. Hapo tumepoteza matairi mawili, siyo moja.

Sasa basi, tufanye hivi:

1. Tupime kwa geji asubuhi, tairi likiwa baridi. Kulipiga teke siyo kupima. Kama kipimo chake ni 100 na geji inasema 80, gari lisiondoke.

2. Tupake maji ya sabuni, kwanza kwenye valvu, halafu mahali pa kukanyagia, halafu ubavuni. Povu likichemka, hapo ndipo penye tundu. Tutie alama ya chaki. Pengine ni valvu imelegea tu, kazi ya dakika moja.

3. Likibidi kufunguliwa, upepo wote utolewe kwanza, kwenye matairi yote mawili, kabla ya kugusa nati. Ringi ya chuma ikiruka huua mtu. Hili si la mzaha.

4. Mpira wa ndani ujazwe kidogo, uzamishwe kwenye maji, tufuate mapovu. Ukaushwe, usuguliwe kwa msasa, upakwe gundi nyembamba. Gundi iachwe ikauke kidogo ndipo kiraka kibandikwe na kugandamizwa. Wenye haraka ndio viraka vyao hubanduka.

5. Kabla ya kurudisha, tupitishe kitambaa ndani ya tairi lote. Msumari ukibaki mle, kesho tundu ni lile lile.

6. Wakati wa kujaza, rimu ifungwe mnyororo, na anayejaza akae pembeni, asielekee ringi.

Ndugu zangu, sisi tuliojifunza kusoma na kuhesabu ukubwani, hapa ndipo elimu yetu inapofanya kazi. Naomba lipatikane daftari ndani ya gari. Kila asubuhi dereva na utingo waandike tarehe na upepo wa kila tairi. Tairi likipungua siku mbili mfululizo, lishushwe likaguliwe. Asiulizwe mtu kwanza.

Lori ni la wote. Mtu asije akasema hakuambiwa.



Katibu