Vumbi la angani juu ya bati la Mungaa

Msikilizaji, baada ya habari, tutazame vumbi. Utafiti wa theluji ya Antaktika, uliotangazwa 2021, ulikadiria kuwa tani 5,200 za vumbi la angani huifikia dunia kila mwaka. Baadhi ya chembe hizo huenda hutua hata huku kwetu Mungaa, kwenye bati na kwenye tope la mabwawa. Wala si vumbi tu: kimondo cha Ivuna, kule Songwe, kilichoanguka Desemba 1938, kina kemikali zinazokaribia zile zilizounda Jua na sayari zake. Hazina adimu mno!

Sasa, yatuhusu nini? Wapo wanaosema: kwanza maji, vumbi la angani baadaye. Hoja nzito. Lakini, kwa upande wa pili, tope hilohilo la mabwawa hutunza kumbukumbu za ukame, na mkulima wa alizeti anazihitaji. Je, nani atawafundisha watoto wetu kulisoma?