Bonde la Nemea: Zabibu, Magofu na Haki ya Mizani

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya Makatibu na wajumbe wa vyama wanachama)



Nimeombwa niwaeleze habari za bonde la Nemea, katika nchi ya Ugiriki, ambalo nilipata kulitembelea. Najua wengi miongoni mwenu hawanywi mvinyo, nami sikuja hapa kuusifu. Nimekuja kuzungumza juu ya mkulima na mazao yake, na juu ya jambo moja ambalo hujenga chama au hukibomoa, nalo ni usawa wa wanachama mbele ya mizani.

Nemea iko kaskazini-mashariki ya rasi ya Peloponnese, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Athens. Vilima vimelizunguka bonde, na mizabibu imepandwa kwa mistari tangu chini tambarare hadi juu ya miteremko. Zabibu zake ni nyekundu, ziitwazo agiorgitiko, yaani za Mtakatifu George, na mavuno yake huwa Septemba hadi mwanzo wa Oktoba. Tangu mwaka 1971 jina la Nemea linalindwa kwa sheria: mvinyo mwekundu ubebao jina hilo sharti utokane na zabibu hizo, zilizolimwa katika eneo hilo.

Wakulima wa sehemu zile walijifunza ushirika kwa machungu. Katika karne ya 19 mdudu aitwaye filoksera alishambulia mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Wafanyabiashara wa Ufaransa wakageukia zabibu kavu za Ugiriki ili watengenezee mvinyo. Bei ikapanda, na wakulima wa Peloponnese wakapanda mizabibu kila mahali, wengine wakang'oa hata mizeituni ya babu zao. Lakini Wafaransa walipofufua mashamba yao kwa kuunganisha mizabibu yao na mashina ya Marekani yasiyodhurika na mdudu yule, wakapandisha ushuru wa kuingiza zabibu. Mwaka 1893 bei ilianguka, na mwaka huo huo serikali ya Ugiriki ikashindwa kulipa madeni yake. Vijana wengi wakahama kwenda Marekani kutafuta riziki. Mkulima alikuwa peke yake mbele ya mnunuzi. Mfaransa alipofunga mlango, milango iliyobaki haikutosha.

Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa nchini humo mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1937 wakulima wa Nemea wakaanzisha chama chao cha mvinyo. Ushirika kwao haukuwa pambo. Zabibu si kama kahawa iliyokaushwa, inayoweza kulala ghalani ikingoja bei nzuri. Zabibu iliyokatwa asubuhi huanza kuharibika siku ile ile. Mkulima asiye na pahali pa kuzipeleka hupokea bei yoyote atakayotajiwa barabarani.

Ndugu zangu, kuwa na chama ni mwanzo tu. Mtu aliangaliapo bonde lile atadhani neema yote iko chini, penye udongo mzito na wenye rutuba. Kweli, huko mizabibu huzaa sana na uzito huwa mkubwa. Lakini zabibu za miteremkoni, penye udongo haba na usiku wenye ubaridi, ingawa ni chache, mara nyingi hutoa mvinyo bora zaidi. Sasa chama kilipe vipi? Kikilipa kwa uzito peke yake, kinamdhulumu mkulima wa mteremkoni, naye mwakani atamtafuta mfanyabiashara. Kikilipa kwa daraja lililoamuliwa na jicho la karani tu, kila mmoja atashuku kwamba daraja la kwanza ni la jamaa zake. Ndiyo maana katika biashara ya mvinyo kiasi cha sukari katika maji ya zabibu hupimwa kwa chombo, na tarakimu husomwa. Chombo hakina shemeji.

Na hapa ndipo magofu ya Nemea yanaponikumbusha kazi yetu. Hapo palikuwa na mashindano makubwa ya Wayunani wa kale, yaliyoanza mwaka 573 K.K. na kufanyika kila baada ya miaka miwili. Uwanja wa kukimbilia bado upo. Mgeni hupita katika njia iliyojengwa chini ya ardhi, yenye urefu wa meta 36, ambayo wanariadha waliitumia kuingilia, naye huona mstari wa mawe wenye mifuo ya kukanyagia vidole vya miguu. Kwenye mstari huo walitega kamba mbele ya wakimbiaji wote. Kamba hizo zilianguka kwa pamoja, kwa mtambo mmoja, ili asiwepo wa kutangulia, awe mtoto wa tajiri au wa mchungaji wa mbuzi. Waliojenga uwanja ule walijua kwamba mashindano yasiyo na mwanzo wa haki hayana mshindi.

Karibu na hapo lipo hekalu la Zeus, lililojengwa mnamo mwaka 330 K.K. Kwa karne nyingi zilibaki nguzo tatu tu zimesimama. Nyingine zililala chini vipande vipande, na mawe mengine yalichukuliwa kujengea kanisa. Wataalamu walipima kila kipande na kukiandika mpaka wakajua kilikotoka, wakasimamisha baadhi ya nguzo tena. Ilipofika mwaka 2013 zilizosimama zilikuwa tisa. Chama kilichoanguka nacho hufufuliwa hivyo hivyo: kwa kumbukumbu. Vitabu visipokuwapo, hata mwenye nia njema hajui jiwe lipi lilikaa wapi.

Wenzetu wa Dodoma, ambao huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wanaijua vema haraka ya zao hili. Lakini neno langu ni kwa wote, awe wa pamba, wa kahawa au wa korosho. Nawaomba mambo manne.

Kwanza, kila asubuhi ya msimu mizani ijaribiwe kwa mawe ya uzito unaojulikana, mbele ya wanachama waliopo. Pili, daraja na bei yake vitangazwe ubaoni kabla mzigo wa kwanza haujapokelewa. Tatu, mwanachama apewe stakabadhi pale pale, yenye jina lake, uzito na daraja, na nakala ibaki chamani. Nne, mjumbe wa kamati apange foleni kama wengine.

Haya hayahitaji fedha nyingi wala mtaalamu kutoka mbali. Mwanachama aliyepunjwa kilo mbili hasemi mkutanoni. Hunyamaza, na msimu ujao mzigo wake hupita usiku kwenda kwa mlanguzi. Katibu atakayetaka kujua hali ya chama chake asingoje ripoti yangu. Na asimame kando ya mizani siku ya mapokezi, awatazame wanachama wanapopokea stakabadhi zao, aone kama wanazisoma kwa utulivu au wanatazamana.