Usiku wetu na hipnosi: maneno kwa wanachama na wafadhili



Tumerudi kwetu, lakini usiku wengi wetu tuko bado njiani. Risasi inalia ndotoni, baba anaruka kitandani, watoto wanaamka na woga. Mafunzo ya hipnosi yalipotajwa mkutanoni, wengi mulituuliza: si uchawi huo?

Hapana. Mtaalamu anakutuliza kwa maneno ya polepole. Haulali, unasikia yote, unaweza kukataa. Lakini peke yake haitoshi. Inaungwa na tiba ya mawazo na matendo: kuchunguza wazo linalosema "kosa lilikuwa langu", na kukaribia kidogo kidogo kile tunachokikimbia.

Mwaka 2005, Richard Bryant na wenzake kule Australia walitangaza matokeo ya watu 87 waliopata ajali au kushambuliwa. Matibabu yalipoisha, waliopewa vyote viwili tukio liliwarudia kichwani kidogo kuliko waliopewa tiba ya mawazo tu. Baada ya miezi 6, makundi hayo mawili yalikuwa karibu sawa.

Kwa hiyo tunaomba hivi: pesa ya mafunzo ianze na tiba ya mawazo. Hipnosi ifuate, mikononi mwa munganga aliyesomea yote mawili. Mtu asiyesoma akiwaomba dola ili awafungulie kumbukumbu, mukatae: akishafungua, hatajua kufunga.

Na usiku ukikushinda, usibaki peke yako. Gonga kwa mwenzako.