Mgeni Akija na Fomu, Tumwulize Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya mtaa, Riruta Satellite)



Sisi tunaofanya kazi ya jamii huku Riruta, Kawangware na Kibera tumezoea kuona wageni na fomu zao. Wanauliza mnakula mara ngapi kwa siku, choo kiko wapi, nyumba mnalipa pesa ngapi. Wakimaliza wanashukuru, wanaenda zao. Wengine wenu mnasema sasa tuwafukuze. Sisi tunasema, ngojeni kwanza.

Utafiti wa kuagizwa umewahi kutusaidia. Mwaka 1993, kampuni ya Matrix iliorodhesha vijiji vya mabanda vya Nairobi kwa niaba ya USAID, shirika la misaada la Marekani. Ikaonekana kwamba zaidi ya nusu ya watu wa mji walikuwa wamebanana kwenye asilimia 5 hivi ya ardhi ya makazi. Tangu hapo ilikuwa vigumu kwa mtu wa ofisini kusema kwamba mabanda ni jambo dogo la pembeni.

Tena mwaka 2000, kituo cha utafiti cha APHRC kilipita mabandani kuuliza habari za afya. Hesabu za mwaka 1998 zilikuwa zimeonyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Nairobi, kama 62 walikufa kabla ya kufikisha miaka 5. Kwa nchi nzima walikuwa kama 112. Basi mji ukaonekana una nafuu. Lakini mabandani peke yake walikuwa kama 151! Hesabu ya mji mzima ilikuwa imemchanganya mtoto wa Lavington na mtoto wa mabandani katika sufuria moja, na huyu wetu akapotea humo.

Lakini tukumbuke jambo moja. Anayelipa ndiye anayechagua swali. Akitaka habari za ugonjwa fulani, atauliza huo tu. Kama shida yako ni maji ya mtungi, haitaingia kwenye fomu yake.

Wenzetu wa Mukuru walifanya vingine. Kupitia Muungano wa Wanavijiji waliketi pamoja na vyuo vikuu, wakasaidia kuuliza maswali yao wenyewe. Ikaonekana wazi kwamba maskini wa mabandani analipia maji na stima bei ya juu kuliko mwenye mfereji nyumbani. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa upya.

Sisi wenyewe pia tuna makosa, na heri tuyaseme. Wakati mmoja tuliombwa kuhesabu watoto wasioenda shule. Tulipita nyumba kwa nyumba, tukapeleka fomu kwa waliotutuma, basi. Mwaka uliofuata mama mmoja akatusimamisha njiani. “Wale watoto wangu mliandika, mliwapeleka wapi?” Hatukuwa na jibu. Ripoti yenyewe hatukuwahi kuiona.

Kwa hivyo tusiwafukuze wageni, ila kabla ya kujibu tuwaulize mambo matatu. Kwanza, nani amekutuma, na anataka kujua nini? Pili, swali letu utaliweka wapi? Tatu, utarudi lini kutuambia ulichokipata, hapa hapa mtaani, kwa Kiswahili? Akishindwa kujibu, mna haki ya kumwambia kwaheri kwa heshima. Hakuna anayelazimishwa kujaza fomu ya utafiti wa namna hii.

Na sisi tunajifunga mbele yenu. Tukipita tena na kalamu, nyinyi mtasikia majibu kabla hayajafika ofisi yoyote.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni wa fomu amekuja mara nyingi. Sasa ni zamu ya mwenyeji kupona.