Kromozomu inapojifunga kama pete: tumusaidie mtoto wetu namna gani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafadhili wa chama, komini ya Kenya, Lubumbashi

 

Komiti ilituomba tufafanue karatasi moja. Wengi mumesikia habari yake, na tangu mwezi uliopita imezungushwa hapa sokoni na kila mutu anaongezea yake. Ni karatasi ya laboratwari ya binti wa mwanachama wetu, mwenye miaka tisa. Wazazi wametupa ruhusa ya kuzungumza, lakini majina tunayaacha. Karatasi inasema kwamba binti ana kromozomu 20 yenye umbo la pete. Baba yake alituuliza maswali matatu: ni ugonjwa gani, ulitoka kwa nani, na utaisha lini. Tutajibu yote matatu, kisha tutafika kwa mambo ya franga, juu njo yenye kutugawanya.

Tuanze na yale mama yake aliona. Mpaka miaka saba mtoto alikuwa mzima. Alisoma, alichota maji, aliimba kwa korali. Halafu mambo yakaanza. Mama anasema: "Anakuwaka kama amelala macho wazi. Unamuita, haitike. Inapita nusu saa, njo anarudia." Mara nyingine anaogopa sana na kusema anaona kitu kwa ukuta. Usiku anashituka, mwili unakazana. Mwalimu aliandika kwamba ni mvivu na mkaidi. Watu wa nyumbani walisema mengine, tutayafikia.

Ndugu, hiyo ni kifafa. Sisi tumezoea kifafa cha kuanguka na kutoa povu, kwa hiyo kile cha kukaa kimya na kutazama tu hatukihesabu. Lakini kwa watu wenye pete ya kromozomu 20, hiyo njo alama kubwa: ubongo unabaki ndani ya shambulio kwa dakika nyingi, hata saa nzima, na mtoto amesimama au ameketi. Sura yake haina kasoro yoyote. Njo maana wengi wanachelewa kujulikana, na wengine wanapelekwa kwa waganga wa wazimu au kwa wachungaji mbele ya kufika kwa daktari.

Sasa kromozomu ni nini? Mwili ni seli nyingi sana, ndogo sana. Ndani ya kila seli kuna nyuzi 46, zenye kuandikwa namna mwili unajengwa na unafanya kazi: 23 kutoka kwa mama, 23 kutoka kwa baba. Kila uzi una ncha mbili, na kila ncha ina kifuniko, sawa ile plastiki ya mwisho wa kamba ya kiatu. Inatokea mara chache, wakati mbegu inatengenezwa au siku za kwanza za mimba, uzi mmoja unakatika huku na huku, na ncha mbili zinashikana. Kamba inakuwa pete. Ikiwa vipande vilivyokatika vilibeba maandishi ya lazima, mtoto anayakosa. Wakati mwingine hakuna kilichopotea, lakini pete yenyewe ni taabu. Seli inapojigawa, kamba mbili zilizo wazi zinaachana bila shida. Pete mbili zinaweza kuingiliana kama mnyororo, zikapasuka, au seli moja ikazikosa na nyingine ikazipata mbili. Seli kama hizo nyingi zinakufa. Watoto wengi wenye pete wanabaki wafupi na wembamba hata kama wanakula bukari vizuri, na hii ni sababu moja.

Waganga hawakuanza kuona hizi pete kwa watu. Mwanamke mmoja wa Marekani, Barbara McClintock, aliziona kwa mahindi miaka ya 1930 mwanzoni. Tunapenda kulisema hili, juu mahindi hayana mchawi.

Ugonjwa unafuata namba ya kromozomu. Pete ya 14 inaleta degedege mara nyingi mbele mtoto hajafikisha mwaka, na akili inakuwa polepole. Pete ya 22 inaleta mwili mlegevu na kuchelewa sana kusema. Hao wanatakiwa kuangaliwa masikio na mishipa ya fahamu hata wakiwa wakubwa, juu vivimbe vinaweza kuota. Binti mwenye pete ya kromozomu X anaweza kubaki mfupi na kukosa hedhi. Kwa hiyo ukisikia "ana pete", swali la kwanza ni: ya namba gani? La pili: iko ndani ya seli zote, au ndani ya zingine tu? Kwa binti yetu iko ndani ya zingine tu, na hiyo ni kawaida kwa pete ya 20.

Swali la pili la baba: ulitoka kwa nani? Karibu kila mara, haukutoka kwa mutu. Ni ajali ya seli. Kwa familia chache mzazi, zaidi mama, anabeba pete bila kujua na anaipitisha. Njo maana wazazi pia wanapimwa damu. Wazazi wa huyu walipimwa, wote wawili hawana. Basi uwezekano wa mtoto mwengine kuwa nayo ni mdogo sana, na habari ya kumuachisha mama ndoa yake juu "tumbo lake ni baya" tuimalize leo. Tunasema wazi mbele ya ndugu wa mume wenye kuwa hapa.

Na bibi yake, mama ya baba. Tulisikia kwamba mtoto alipoanza kuona vitu kwa ukuta, bibi alitajwa, kisha mtoto mwenyewe alitajwa. Katiba yetu ya 2006 inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009 inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu pamoja na faini. Hatukuja kutisha mutu na polisi. Lakini mtoto wa kifafa akifungiwa siku tatu bila chakula na bila dawa, anaweza kufa, na hapo hakuna maombi ya kumrudisha.

Kuna wenye kuuliza juu ya mines, na swali hilo ni la heshima. Baba huyu alichimba miaka mingi. Hapa kwetu Lubumbashi, kati ya 2013 na 2015, wataalamu wa chuo kikuu chetu pamoja na wa Leuven walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana kwa macho na wengine 108 wasio nazo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: baba mwenye kazi ya mines alionekana zaidi upande wa wenye kasoro. Ni jambo kubwa, na chama kina haki ya kupiga kelele juu ya vumbi. Ila waliangalia kasoro za nje, kama mdomo uliopasuka au mgongo wazi, hawakutafuta pete. Wengine wanataja Shinkolobwe, na kweli mionzi mikali inafanya pete ndani ya damu ya mutu mzima aliyepigwa nayo. Hiyo ni pete ya seli zake mwenyewe, hapa na pale. Kumwambia huyu baba kwamba kazi yake ilimfanyia binti yake hivi, hakuna msingi.

Utaisha lini? Hautaisha. Hakuna dawa ya kufungua pete, wala kwa wazungu, wala India. Kifafa cha pete ya 20 ni kigumu: mara nyingi dawa moja haitoshi, na upasuaji wa ubongo wenye kusaidia wengine hauwasaidii hawa. Watoto wengine wanarudi nyuma kwa masomo wakati mashambulio ni mengi. Lakini wengi wanafika utu uzima, na dawa zikipangwa vizuri siku mbaya zinaweza kupunguka. Tena jambo la kujua mapema: dawa iitwayo valproati inasaidia mara nyingi, lakini kwa binti anayekaribia umri wa kuzaa ina hatari kwa mimba. Munganga aulizwe sasa, si siku ya harusi.

Haya, franga. Kuna wazo la kukusanya, hata kuuza kiwanja cha familia, kumpeleka India. Sisi tunalikataa. Jina la ugonjwa tunalo tayari, na kule hakuna cha zaidi cha kuliondoa. Kinachomwangusha huyu mtoto ni kukosa dawa wiki mbili kila mwezi. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, mashambulio yanarudi kwa nguvu. Tunaomba kaisi ya chama ilipe dawa mwaka mzima mbele, na kipimo cha umeme wa ubongo mara munganga atakapokihitaji.

Pia huyu hayuko peke yake mwenye kifafa kati yetu. Mama mmoja wa waliorudi kutoka Zambia alituonyesha kitabu cha kliniki ya kambi ya Mwange. Mtoto wake alianza degedege akiwa na miezi, sasa ni kijana mkubwa. Kambi ilifungwa 2010, kitabu kimebaki, na tarehe zake zinamwambia daktari mengi. Musitupe zile karatasi. Si kila kifafa ni pete. Pete ni nadra sana, na malaria ya ubongo, kuzaliwa kwa taabu na minyoo ya nyama ya nguruwe vinaleta kifafa kingi zaidi. Kipimo cha kromozomu kifanywe tu pale daktari anakiomba. Na hapo mumwambie: kile cha kuangalia umbo la kromozomu chini ya hadubini, kwa seli nyingi. Kipimo kipya cha kuhesabu vipande vilivyopotea kinaweza kupita pete ya 20 bila kuiona, juu hakuna kilichopotea. Hapa nchini Kituo cha Jenetiki cha Chuo Kikuu cha Kinshasa kina ujuzi wa mambo haya, kwa hiyo muulize kule mbele ya kufikiria ulaya.

Kwa nyumba: akishikwa ile ya kutazama, usimpige, usimwagie maji, mutoe karibu na mbabula na barabara, angalia saa. Ikipita ile yenye munganga alikubali, mupeleke hospitali. Mwenye telefone achukue video fupi. Inamsaidia daktari kuliko maelezo yetu. Mwalimu wake tumekwisha kumwona, na amekubali akae benchi ya mbele.

Komiti itaweka jambo la kaisi kwa kura Jumamosi. Wenye vitabu vya kliniki za kambi mukuje navyo. Tutakuwa pale tangu saa tatu ya asubuhi.