USIMNYIME MAJI MTOTO ANAYEHARA
(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wakimbizi wa Kibuli, Kampala)



Kuna maneno nayasikia kila ninapopita nyumba kwa nyumba: "Mtoto anahara, usimpe maji, utamzidishia." Wanaoyasema ni watu wanaopenda watoto wao. Wanaona maji yanaingia juu na kutoka chini, basi wanafikiri ukifunga bomba la juu, la chini litakauka. Leo nimekuja kuyapinga maneno hayo, maana yanaua watoto.

Tuanze na mwili wenyewe. Katika uzito wa mtu mzima, zaidi ya nusu ni maji. Kwa mtoto mchanga ni karibu robo tatu. Maji ndiyo yanayosafirisha chakula ndani ya damu, na jasho ndilo linalopooza mwili. Figo mbili za mtu mzima huchuja kama lita 180 kwa siku, yaani jerikeni tisa zile za lita 20! Lakini karibu maji hayo yote hurudishwa katika damu, na mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu tu. Mwili unayabana maji kama mama aliyepanga foleni bombani tangu alfajiri.

Sasa kuhara kunaharibu mpango huo wote. Mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, pamoja na chumvi za mwilini. Mtoto wa kilo 10 akipoteza kilo moja ya maji, amefika penye hatari ya kufa. Damu inapungua, moyo unakimbia, figo zinaacha kutoa mkojo. Kinachomwua si kile kinyesi mnachokiona, ni ukavu unaobaki ndani.

Sisi wakimbizi tunayajua haya kwa uchungu. Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, kuchimba choo ni taabu, na wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu jinsi yalivyo. Katika mwezi mmoja walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Na hapa Uganda, mwaka 2018, ndugu zetu waliokimbia Ituri kwa mitumbwi kupitia Ziwa Albert walipatwa na kipindupindu wilayani Hoima, pamoja na wenyeji. Waliougua walipita 2,000, na 44 walifariki.

Lakini iko habari nyingine ya wakimbizi, nayo napenda sana kuisimulia. Mwaka 1971 watu walikimbia vita vya Bangladesh wakaingia India. Kule Bangaon kipindupindu kiliwashambulia, na maji ya kuingiza kwa mshipa yakawa yanakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya sukari na chumvi katika maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Kabla ya hapo, karibu watu 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kwa wale waliotunzwa hivyo, vifo vilishuka chini ya 4 katika 100. Kazi hiyo ilifanywa kwa vikombe, mikononi mwa mama na dada.

Siri yake ni hii. Hata utumbo ukiwa mgonjwa, bado una mlango unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na zikipita, maji huzifuata. Ndiyo sababu maji matupu hayatoshi, na soda haifai kwa sababu sukari yake imezidi.

Pakiti ya ORS ikipatikana kituo cha afya, tumia hiyo, na ufuate kipimo kilichoandikwa. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza mlima. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Chumvi nyingi ni hatari, basi ukiwa na shaka punguza. Baada ya siku moja mwaga yaliyobaki, utengeneze mengine.

Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo mpaka nusu kikombe kila anapohara. Mkubwa kuliko huyo, nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika ngoja dakika kumi, kisha anza tena kijiko kwa kijiko. Inachosha, najua. Pokezaneni, hata baba anaweza kushika kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Juu ya maji yenyewe: hapa Kampala maji ya bomba hulipiwa kwa jerikeni, na asiye na pesa huteremka kwenye chemchemi za bondeni. Mvua ikinyesha, uchafu wa vyoo huweza kuifikia chemchemi hata kama imejengewa saruji. Kung'aa kwa maji si usafi. Yachemsheni, na jerikeni ifunikwe.

Kwa kuwa tuko karibu na msikiti, wengine wataniuliza habari ya Ramadhani. Mzima anywe ya kutosha tangu futari mpaka daku. Mgonjwa wa kuhara dini imemruhusu kula, atalipa siku nyingine.

Mwisho, tazama dalili hizi: macho yameingia ndani, utosi wa mtoto umebonyea, analia bila machozi, hajakojoa kwa muda mrefu, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Akilegea, akishindwa kunywa, au kinyesi kikiwa na damu, usingoje asubuhi. Mbebe mpeleke kituoni, na njiani endelea kumnywesha kama anaweza kumeza.